Kesha la Ijumaa na Darasa la Jumanne

Ijumaa saa tatu usiku, baadhi ya mama wauza omena wa Kondele, Kisumu, wakishafunika mabeseni hawaendi nyumbani. Wanajifunga leso na kuingia kesha la maombi hadi alfajiri. Barabara hiyohiyo kuna kanisa lenye darasa la Biblia kila Jumanne, na mara ya mwisho nilipohudhuria tulikuwa saba. Huko keshani unaambiwa darasa limekauka, hakuna moto. Ukija darasani unaambiwa kesha ni kelele za watoto wachanga wa kiroho.

Wenye darasa wana hoja nzito, nami naikubali kwa sababu imenipata mwenyewe. Nilikesha karibu kila Ijumaa kwa miaka miwili. Nilikuwa natoka sauti imekwisha, moyo mwepesi, na kufikia Jumatano nimeshagombana tena na ndugu yangu juu ya shamba la baba kule Vihiga. Injili hata moja nilikuwa sijaisoma mwanzo hadi mwisho. Waraka kwa Waebrania unawakemea watu wa namna hiyo, waliopaswa kuwa walimu lakini bado wanahitaji maziwa. Tena, mwenye njaa asiyejua chakula hupokea chochote anachopewa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Njaa ya Mungu walikuwa nayo. Aliyewalisha ndiye aliyewaua.

Hata hivyo siwezi kusimama na darasa moja kwa moja, maana huku kwetu tunajua lilivyowahi kuwatendea wenye njaa. Wamishonari wa Quaker, yaani Kanisa la Marafiki, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, wakajenga shule, wakafundisha watu kusoma. Mwaka 1927 watu waliolelewa palepale walianza kulia, kuungama dhambi mbele ya wenzao na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliogopa, wakazuia. Waliokataa kunyamaza walijikuta nje, na kutoka kwao likazaliwa African Church of Holy Spirit. Kinachoniuma ni kwamba Quaker ndio wanaofundisha kuwa Mungu husema ndani ya kila mtu. Aliposema kwa sauti kubwa kuliko walivyozoea, hawakumtambua.

Miaka kumi baadaye kitu kingine kilivuka mpaka. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937. Nao ulikuwa na machozi na nyimbo, lakini aliyeungama wizi alitarajiwa kukirudisha alichoiba, na ndugu walikutana kila wiki, wachache, wakiulizana wanavyoishi nyumbani. Kutembea nuruni, ndivyo walivyoita. Wengi walibaki ndani ya makanisa yaleyale yaliyowatazama kwa mashaka. Sisemi hawakuwa na makosa. Walikuwa wepesi kumhukumu asiyeungama kwa mtindo wao. Lakini kwao usiku wa maombi ulikuwa na kesho yake. Mimi keshani sikuwahi kuulizwa habari za shamba, na darasani pia sikuulizwa. Tulikuwa tunajadili safari za Paulo.

Kwa hiyo nikiulizwa mtu hukulia wapi katika imani, najibu kwamba hukulia pale anapojulikana, na sioni kwa nini pasiwe keshani. Saa moja tu ya kusoma kabla ya nyimbo, halafu watu watatu watatu wakaulizana ya nyumbani, ingetosha kuanzia.

Nilimweleza hayo mama mmoja anayeniuzia omena, nikamsihi wakati huohuo aje Jumanne. Akaniuliza darasa ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja jioni. "Mwanangu," akasema huku akinipimia, "saa kumi na moja si ndiyo watu wananunua mboga?"