Lugha sita hewani, nauli ya nani?

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Kituo kimoja kidogo cha redio ya jamii hapa Lamu kinatafuta vijana wanaozungumza Kibajuni, Kiorma, Kipokomo, Kigiriama, Kisomali na Kiaweer, "wenye moyo wa kujitolea". Lilisomwa asubuhi, likarudiwa jioni, mara zote mbili kwa Kiswahili. Mzee mmoja tuliyekaa naye barazani Langoni alilisikiliza hadi mwisho, kisha akaikumbuka Kiunga, kule mbali karibu na mpaka wa Somalia, akauliza: "Na huyo wa Kiunga atakuja na nini, ataogelea?"

Watu hupenda kuupeleka mjadala wa redio ya lugha nyingi kwenye utamaduni na urithi wa mababu. Mimi, tangu siku ile, naona unaanzia gatini.

Tuanze na lugha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, idadi ambayo Embakasi ya Nairobi ingeimeza bila kuhisi. Lakini ukitoka Amu, yaani mji wa Lamu, ukaenda Faza na Kizingitini unaingia kwenye Kibajuni. Witu utakutana na Waorma na Wapokomo. Mpeketoni, ambako watu walipewa mashamba kuanzia miaka ya 1970, utasikia Kikuyu. Basuba na Mangai ni kwa Waaweer, ambao wengine tumezoea kuwaita Waboni. Kiunga, Kibajuni na Kisomali vinakaa mlango mmoja. Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Sisi wa Amu husema mato, nti, ndia, yeo. Wiki yangu ya kwanza kwenye kipaza sauti, nilipokuwa najitolea kituo kingine miaka kadhaa iliyopita, niliambiwa niseme macho, nchi, njia, leo, "ili watu waelewe". Watu gani? Waliokuwa wakinisikiliza ni shangazi zangu. Nikatii, na mpaka leo naona haya.

Hata hivyo, wanaosema Kiswahili kinatosha wana hoja, na si haki kuwafanya maadui wa lugha za mama. Mfugaji wa Kiorma anauza ng'ombe wake kwa Kiswahili bila kupunjwa hata shilingi. Watoto wa Mpeketoni wanataniana kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ingawa ibara hiyohiyo inaitaka serikali ikuze lugha za asili, kwa hiyo kila upande una mstari wake wa kunukuu. Lipo pia jambo zito zaidi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, majirani walipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni, mimi binafsi nisingetamani redio ambayo kila kabila linazungumza chumbani mwake na mlango umefungwa. Lugha moja ya kusikilizana ilikuwa afueni.

Ila kununua mbuzi kwa lugha fulani ni kitu kimoja, na kuamua jambo la maisha yako kwa lugha hiyo ni kingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya, na miongoni mwa haki ilizoona zimekiukwa ni haki ya kupata habari. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hizo hazikuhusu redio. Lakini mtu aliyewahi kujaribu kumweleza mama wa kisiwa cha Ndau maana ya "tathmini ya athari kwa mazingira" anajua kwamba Kiswahili cha sokoni hakimfikishi huko, na cha serikalini ndicho kabisa. Hapo ndipo redio ya jamii ingekuwa na kazi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo vituo vingi hujidanganya. Chukua kituo kinachoanza saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa nne usiku. Hiyo ni saa 17 kwa siku, saa 119 kwa wiki. Mtindo uliozoeleka ni kuipa kila lugha ndogo saa moja kwa wiki, salamu nyingi na nyimbo za kwao. Lugha sita, saa sita. Kwenye ripoti inapendeza. Lakini ikitolewa tahadhari ya upepo wa kusi Jumanne na kipindi cha Kibajuni ni Jumamosi, yule nahodha wa Kizingitini atasaidiwa na nini? Atakuwa amekwenda na kurudi, au amekwenda.

Geuza mpango: dakika tano kwa kila lugha, asubuhi na jioni, kila siku. Lugha sita zinakula saa moja kwa siku, saa saba kwa wiki. Ni muda uleule, umezidi kwa saa moja tu. Kwa hiyo tuache kuambiana kwamba hakuna nafasi hewani. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni watu sita wa kuwepo kila siku, wakiwa wamesoma taarifa na kuifasiri kabla taa nyekundu haijawaka. Kipindi cha wiki kinaweza kubebwa na moyo wa kujitolea. Taarifa ya kila siku ni ajira, uite jina lolote utakalo.

Najua nitaambiwa ya Korogocho. Koch FM ilianza 2006, vijana wa mtaa huo wa mabanda wa Nairobi wakitangazia ndani ya kontena, bila kusubiri mshahara wa mtu. Nitaambiwa pia ya Melbourne, Australia, ambako kituo cha 3ZZZ kimekuwa hewani tangu 1989 kwa makumi ya lugha, na wanaotangaza ni watu wa kujitolea, kila lugha na kundi lake la wanachama. Mifano yote miwili ni ya kweli na naiheshimu. Lakini kijana wa Korogocho alikwenda studio kwa miguu. Na Mgiriki au Mvietnamu wa Melbourne hupanda tramu, wengi wao wakiwa na kazi nyingine inayowalipa. Hakuna aliyelazimika kusubiri maji yajae ndipo boti ipite.

Ipo hoja ya kujitolea inayonigusa zaidi ya hizo, na haitoki kwa waliofanikiwa. Mwaka 1982 kituo cha redio ya jamii kilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, cha mwanzo wa aina yake nchini. Hakikudumu. Kilifungwa na serikali ileile iliyokifungua, na wenyeji hawakuwa na la kushika kwa sababu hakikuwa mikononi mwao. Kituo kinachosimama kwa jasho la wenyeji ni kigumu zaidi kukizima. Na penye mishahara huja mambo yake: nani analipwa, binamu wa nani kaajiriwa, mradi gani unalipia kipindi na unataka kisemwe nini. Nimeona kipindi cha wakulima kikigeuka kipindi cha sabuni ya kunawia mikono kwa miezi mitatu, kisha mradi ukaisha, na wakulima hawakurudishiwa saa yao. Wasiolipwa, angalau, hawanunuliki kirahisi hivyo.

Basi niwaeleze tuliokuwa hatununuliki. Tulianza kumi na mmoja kwenye kituo kile. Baada ya mwaka tukabaki wanne, wote wa Mkomani na Langoni, mitaa ya hapa mjini, wote tukilala na kula kwa wazazi wetu. Mwenzetu wa Kipokomo alikuwa akitoka Witu: gari hadi Mokowe, boti hadi Amu, saa moja hewani, kisha safari yote kinyume. Siku yake nzima ilikuwa imekwisha na mfukoni ametoa yeye. Hakuacha kwa ugomvi. Alhamisi moja hakuja tu, tukapiga muziki saa yake yote. Sikumbuki msikilizaji hata mmoja aliyepiga simu kuuliza, na hilo liliniuma kuliko kuondoka kwake. Jioni hiyohiyo mtunza fedha alitoa hela ya mafuta ya jenereta bila mjadala. Mafuta hayajitolei.

Ndiyo kasoro ninayoiona katika neno hili zuri, kujitolea. Linachuja watu, na linachuja vibaya. Linamwacha mtu wa mjini mwenye nafasi, linamwondoa yule ambaye lugha yake ndiyo iliyotufanya tutake redio ya lugha nyingi. Mwanamke huondoka mapema zaidi, maana kipindi cha jioni kina safari ya usiku, na Lamu imewahi kuishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Julai 2014, amri iliyowazuia hata wavuvi kutega usiku. Mwisho wake unapata redio ya Kiswahili yenye salamu za lugha sita. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunamwambia mcheza kwao ajilipie ngoma.

Wapo wanaolalamika kwamba ukimfundisha mtu wa kujitolea, mwaka wa pili anachukuliwa na redio za biashara Mombasa. Mimi hilo halininyimi usingizi. Kijana akipata kazi kwa ufundi aliojifunza kwetu, na aende.

Kinachonitia wasiwasi ni mlango ule uliofungwa nilioutaja. Mhariri anayejua Kiswahili na Kiingereza atajuaje kinachosemwa kwa Kiorma saa mbili usiku, wakati wa kampeni, au wiki ambayo ng'ombe wameingia mashambani? Kenya tuna kumbukumbu. Mtangazaji wa Kass FM, kituo cha Kikalenjin, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa tuhuma zilizotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na Aprili 2016 kesi ikasitishwa bila kumtia hatiani. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa lugha yoyote. Wenye vituo huogopa, na wengine huufanya woga huo kisingizio cha kubaki na Kiswahili peke yake. Dawa inajulikana: kila lugha iwe na wasemaji wawili wasiotoka nyumba moja, na kila kipindi kirekodiwe na kutunzwa. Ila wasemaji wawili ni nauli mbili. Tumerudi gatini.

Upande wangu, basi. Lugha sita kwa mpigo ni nyingi mno kwa kituo kisichoweza kulipa nauli sita. Ningeanza na tatu, Kiorma, Kisomali na Kiaweer, kwa kigezo kimoja: ni nani ambaye Kiswahili cha taarifa kinamwacha mbali zaidi. Kibajuni nisingekitengea chumba. Ningekiingiza sebuleni, ndani ya vipindi vya Kiswahili vyenyewe, pamoja na Kiamu, na mtangazaji wa Faza asisahihishwe hata neno. Mama yangu ni Mbajuni wa Ndau, kwa hiyo lawama za hilo najua zitaanzia nyumbani. Wapokomo na Wagiriama nao watauliza kwa nini si wao, na jibu nililonalo, kwamba wengi wao hufuata taarifa ya Kiswahili bila shida, si jibu tamu.

Na hao wa lugha tatu walipwe nauli na chakula cha siku, kwa maandishi, wakijua wanajitolea siku ngapi na mpaka mwezi gani. Huo si mshahara. Sheria inataka mapato ya redio ya jamii yarudi kwenye jamii, na sijui kurudi kupi kwa wazi kuliko nauli ya mtu wa Mangai.

Vijana wana jibu rahisi zaidi: rekodi za WhatsApp. Msemaji abaki kijijini, anase dakika zake tano kwa simu, azitume, kituo kizirushe. Kwa tahadhari ya upepo au chanjo ya mifugo nakubali mara moja, panapokuwa na mtandao, na vijiji vya msituni huko Basuba huwezi kuutegemea. Lakini asiyefika studio hafiki pia kwenye kikao cha Jumatatu kinachoamua nini kitangazwe. Atageuka sauti ya kukodi, tena ya kukodi bure. Labda awe anatuma rekodi siku sita na kuja mwenyewe mara moja kwa mwezi, siku ya kikao, kwa gharama ya kituo. Ni nusu ya kile ninachokitaka.

Juzi nilipiga simu pale kituoni kuuliza nauli ya Kiunga. Kijana aliyepokea, mwenye adabu sana, alisema suala hilo litaangaliwa. Kisha akaniuliza, kwa kuwa anasikia mama yangu ni wa Ndau, kama naweza kuwafasiria tangazo lile kwa Kibajuni, lisomwe kesho asubuhi. Nimelifasiri usiku huohuo, bure. Baada ya "moyo wa kujitolea" nimeacha nafasi tupu ya neno moja na tarakimu chache, nikawaandikia pembeni wajaze kabla ya kusoma.