Leseni ya televisheni Uingereza: kaya isiyotazama matangazo inadaiwa nini?

Watu wengi nchini Uingereza, wakiwamo ndugu zetu waliohamia huko, huamini kwamba mwenye runinga nyumbani lazima alipie leseni. Sheria haisemi hivyo. Leseni inadaiwa kwa kutazama au kurekodi matangazo yanaporushwa mubashara, kwa chombo chochote na kutoka kituo cha nchi yoyote, na tangu Septemba 2016 inadaiwa pia kwa kutazama vipindi vya BBC kupitia iPlayer, huduma yake ya kutazama mtandaoni, hata kama vilirushwa wiki iliyopita. Mwenye skrini kubwa ukutani anayeitumia kwa filamu za kuchagua mwenyewe na michezo ya kompyuta tu hana deni. Lakini familia ya Wakenya wa Leicester isiyo na antena wala dishi, inayofungua simu kutazama taarifa ya habari ya Citizen TV kwenye YouTube wakati huohuo inaposomwa Nairobi, inapaswa kuwa na leseni, ingawa ada yenyewe haiendi Nairobi.

Wanaoitetea ada hiyo, iliyopanda hadi pauni 174.50 mwaka 2025, wana hoja nzito. Ndiyo inayoiwezesha BBC kufanya kazi bila kutegemea matangazo ya biashara. Nasi wasikilizaji wa Kiswahili tumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa tangu Aprili 2014 sehemu kubwa ya gharama za idhaa za dunia imetokana na leseni, na Dira ya Dunia tunayoisikiliza bure inalipiwa na watu wasiojua neno hata moja la lugha yetu. Hoja hiyo inaeleza kwa nini mtazamaji alipe. Haielezi kwa nini asiyetazama ashukiwe.

Na kushukiwa ndiko kunakompata. Anwani isiyo na leseni hupokea barua zisizo na jina, zinazomwelekea mkaazi halali wa nyumba, na lugha yake huwa kali kadiri zinavyozidi kuja. Anayetaka zikome hutoa tamko kwamba hahitaji leseni, ingawa hakuna sheria inayomlazimu kulitoa, na baada ya muda huulizwa tena. Mkaguzi naye anaweza kubisha hodi, lakini hana haki ya kuingia ndani asipokaribishwa, isipokuwa awe na hati ya upekuzi ya mahakama. Kwa hiyo kesi nyingi hujengwa na yale ambayo mtu aliyefungua mlango ameyasema na kuyatia saini hapohapo kizingitini.

Hapo ndipo takwimu moja inaponisumbua kila ninapoirudia. Mwaka 2019, kati ya waliotiwa hatiani kwa kosa la kutazama bila leseni huko England na Wales, asilimia 74 walikuwa wanawake. Na kati ya hukumu zote za wanawake mwaka huo, takribani asilimia 30 zilitokana na leseni ya televisheni, ilhali kwa wanaume zilikuwa kama asilimia 4. Hakuna anayeweza kudai kwamba wanawake hutazama televisheni mara tatu ya waume zao. Runinga ni ya kaya nzima, lakini kosa huandikwa kwa jina la mtu mmoja, naye ni yule aliyekuwapo nyumbani mchana, pengine ana mtoto mgongoni, na akajibu maswali kwa adabu bila kujua kwamba angeweza kufunga mlango. Faini yaweza kufika pauni 1,000.

Mapitio ya wakili David Perry ya mwaka 2015 yalihitimisha kwamba mfumo huo kwa jumla ni wa haki, na kwamba kosa libaki la jinai. Ujerumani ilichukua njia nyingine: tangu 2013 kila kaya huchangia, iwe na runinga au isiwe nayo, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliafiki msingi huo. Njia hiyo humtoza asiyetazama, na hilo ni kasoro ya kweli, ila haimhitaji mtu yeyote aje kuuliza nini kinatazamwa sebuleni.

Uingereza ilichagua kutoza kitendo cha kutazama, hivyo kaya inayosema haitazami inastahili kuaminiwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hati ya kifalme ya BBC, ambayo ndiyo msingi wa kuwapo kwake, inafikia ukomo mwishoni mwa 2027, na mjadala wa ada utatawala mazungumzo. Kabla ya kufika kwenye kiwango cha ada, kosa hili liondolewe katika jinai na lifanywe deni la kawaida. Scotland, chini ya sheria hiyohiyo, waendesha mashtaka humaliza mashauri mengi ya aina hii bila kuyafikisha mahakamani, na BBC bado inarusha matangazo yake Glasgow.