Maswali ya sherifu yaachwe yote

Wengi wetu tunaokata video hapa Bagamoyo mkono umezoea harusi na ngoma za Tamasha la Sanaa. Harusi inataka ulaini: bi harusi akijikwaa unatoa, mjomba akipayuka unatoa, palipopoa unatia muziki. Mkono huohuo ukiupeleka kwenye filamu ya waliobadili jinsia na ubaguzi wanaofanyiwa, unamsafishia mbaguzi jina.

Brandon Teena, kijana wa kiume aliyebadili jinsia, wa miaka 21, aliuawa Nebraska, Marekani, tarehe 31 Desemba 1993. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameripoti kubakwa, na sherifu (mkuu wa polisi wa eneo lile) Charles Laux akamhoji huku kinasa sauti kikienda. Susan Muska na Gréta Ólafsdóttir, katika filamu yao ya 1998, wanatusikilizisha mkanda ule. Sherifu anachimba mwili wa kijana badala ya kuchimba kosa, anauliza ya kudhalilisha, kisha anauliza tena. Mhariri mwenye haraka angeandika tu “polisi hawakumsaidia” na kusonga mbele. Mtazamaji naye angesonga. Waliotajwa kwenye ripoti ile hawakukamatwa, na ndio waliomuua. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Nebraska ikaona mwenendo wa sherifu umevuka mipaka. Lakini aliyesikia ule mkanda hahitaji hukumu kulijua hilo.

Sasa kuna wanaodhani ukiacha kila kitu kibichi ndiyo umesema kweli. Sikubali. Ubichi ninaoutetea ni wa mwenye cheo: swali lake, kicheko chake, kunyamaza kwake anapotakiwa kujibu. Machozi ya aliyeonewa hayahitaji dakika tatu za kamera puani, tena na kinanda kile cha bongo muvi chini yake (jamani, kile kinanda!). Kate Davis, katika filamu yake ya 2001, alimfuata Robert Eads wa Georgia, Marekani, mwanamume aliyebadili jinsia, mwaka wake wa mwisho. Madaktari zaidi ya 20 walikataa kumtibu saratani ya ovari. Hata hivyo tunapewa muda wa kukaa naye na marafiki na mpenzi wake, ndipo kule kukataliwa kunauma, maana tumeshamjua.

Picha za zamani na jina la kuzaliwa ndivyo vinavyomjia mhariri upesi, na mimi ndivyo ninavyovitoa kwanza. Vikikaa mbele, mtazamaji anabaki kukagua maumbile na ubaguzi unamponyoka.

Na kuonyesha uso? Mji huu mdogo. Anayehojiwa kata ya Dunda kesho anakutana na mwenye nyumba wake sokoni. Akisema ndiyo leo kisha akapiga simu usiku amebadili mawazo, ile shoti inatoka, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.