Gudwili isikae vitabuni milele

Mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya FIS, inayoziuzia benki programu za kuendeshea kazi zao, iliinunua Worldpay, kampuni ya kushughulikia malipo, kwa takriban dola bilioni 43, madeni yakiwemo. Mwisho wa 2022 ikafuta dola bilioni 17.6 za gudwili, yaani sehemu ya bei iliyozidi thamani ya mali iliyonunuliwa baada ya kutoa madeni. Mwaka uliofuata ikakubali kuuza asilimia 55 ya Worldpay kwa bei iliyoithamini kampuni nzima kuwa hadi dola bilioni 18.5. Tangu siku ya ununuzi hadi siku ya kufuta, kanuni za uhasibu hazikuidai ipunguze gudwili hiyo hata senti moja kwa mwaka. Hasara ilijikusanya pembeni, kisha ikamwangukia mwanahisa kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni mhasibu hapa Kampala, na hili linanikera kweli. Naamini gudwili inapaswa kupunguzwa kila mwaka, kama tunavyopunguza thamani ya gari au mashine, kwa kampuni kubwa na ndogo.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme kampuni ya Kampala inainunua kampuni ndogo ya Mbarara inayotengeneza programu ya hesabu za SACCO, kwa shilingi bilioni 10. Mhasibu wa mnunuzi anakaa chini na kuhesabu alichopata. Kompyuta na fedha zilizoko benki ni milioni 450. Programu yenyewe inathaminiwa bilioni 2, mikataba na wateja bilioni 1.5, jina la bidhaa milioni 300. Anatoa deni la milioni 250, nitalirudia hivi punde. Kodi nikiiacha kando, zinabaki bilioni 4. Zile bilioni 6 zilizozidi ndizo gudwili: matumaini kwamba wateja wataongezeka, kwamba vijana walioandika programu hawatahama, kwamba kampuni mbili zikiungana zitaingiza zaidi kuliko zikiwa mbalimbali. Sidharau matumaini hayo, maana biashara haiendi bila hayo. Ila lazima yawe na umri.

Sasa lile deni. SACCO hulipia programu mwaka mzima kabla, kwa hiyo muuzaji alikuwa na milioni 600 alizokwisha kupokea kwa huduma ambayo bado hajaitoa. Chini ya IFRS 3, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu ununuzi wa kampuni, mnunuzi halichukui deni hilo kama lilivyo. Analithamini upya kwa gharama ya kutoa huduma iliyobaki pamoja na faida kidogo, na katika mfano wetu anapata milioni 250. Zile milioni 350 hazitaonekana kamwe kama mapato, si kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Wateja ni walewale, huduma ni ileile, fedha zilishalipwa, lakini mwaka wa kwanza baada ya ununuzi mauzo yanaonekana yameporomoka, na mwaka wa pili yanaonekana yameruka. Anayesoma asilimia za ukuaji tu anapotoshwa mara mbili. Marekani ilirekebisha jambo hili Oktoba 2021, sasa mnunuzi wa huko anaendelea kuhesabu mapato hayo kama muuzaji angeyahesabu. Sisi tunaofuata kanuni za kimataifa za IFRS bado tuko palepale.

Turudi kwenye zile bilioni 6. Chini ya IFRS kamili hazipunguzwi. Kila mwaka zinapimwa kwa IAS 36, kanuni ya kupima kushuka kwa thamani ya mali, kuona kama thamani bado ipo, na kipimo chenyewe ni makisio ya mapato ya miaka ijayo yaliyoandaliwa na uongozi uleule ulioamua kununua. Mkaguzi huyahoji, tena kwa bidii, lakini makisio ya mbele ni vigumu kuyapinga kwa ushahidi wa leo. Tena gudwili haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na kitengo ilichounganishwa nacho, na kitengo hicho kikiwa na biashara ya zamani inayofanya vizuri, ubovu wa ile mpya unajificha ndani yake. Wawekezaji wanaifuatilia Intuit, wenye programu ya hesabu ya QuickBooks tunayoitumia kwenye ofisi nyingi za mjini hapa, kwa sababu baada ya kununua kampuni za Credit Karma na Mailchimp gudwili yake ilifika karibu nusu ya mali yote iliyokuwa kwenye mizania (hesabu ya mali na madeni) ya Julai 2022. Sisemi bei ilikuwa mbaya. Nasema nusu ya mizania kutegemea makisio ni mzigo mkubwa mno kwa kipimo dhaifu namna hiyo.

Wapo wenzangu wanaosema kupunguza kwa miaka kumi ni kubahatisha, kwa kuwa hakuna ajuaye gudwili inaishi miaka mingapi. Ni kweli. Lakini hata umri wa programu iliyonunuliwa tunaukadiria, na wa lori pia, na hakuna anayependekeza tuyaache bila kuyapunguza.

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Januari 2017 Benki Kuu ya Uganda iliikabidhi benki ya dfcu mali na madeni ya Crane Bank, kwa makubaliano ya shilingi bilioni 200. Thamani ya vilivyochukuliwa ilihesabiwa kuwa juu ya bei, na tofauti hiyo, zaidi ya shilingi bilioni 100, ikaingia moja kwa moja kwenye faida ya mwaka uleule, kama IFRS 3 inavyoagiza. Faida ya dfcu ya 2017 ikapanda zaidi ya mara mbili. Kamati ya Bunge ya COSASE baadaye ilichunguza jinsi benki zilivyofungwa na kuuzwa, na huo ni mjadala mwingine. Mimi naangalia kanuni: ukinunua kwa bei ya chini, faida unaiandika leo. Ukinunua kwa bei ya juu, hasara inangoja mpaka bodi ikubali. Sioni uadilifu katika hilo.

Na angalia nani anabanwa. Ile kampuni ya Kampala ya mfano wetu ikitumia kiwango cha IFRS cha kampuni ndogo na za kati, ambacho wengi hapa wanakitumia, italazimika kuipunguza gudwili, na umri wake usipojulikana hauzidi miaka kumi. Hiyo ni angalau milioni 600 kila mwaka. Mdogo wa Kampala ana nidhamu ambayo jitu lililoorodheshwa kwenye soko la hisa halidaiwi.

Novemba 2022 IASB, bodi inayotunga kanuni za IFRS, iliamua kutorudisha upunguzaji wa gudwili. Machi 2024 ikapendekeza kwamba kampuni ieleze malengo ya ununuzi wake mkubwa, kisha miaka inayofuata iseme kama yanafikiwa. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, ila halitoshi, na ningependa ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, iseme hivyo kila inapoombwa maoni. Mwanahisa naye asingoje. Kwenye mkutano mkuu ujao anaweza kusimama na kuuliza: kampuni mliyoinunua imeingiza shilingi ngapi mwaka huu, na siku mliyoilipia mlitarajia ngapi?