Shafti ya usukani hainyooshwi, inabadilishwa

Kuna kauli moja ambayo ukiisikia gereji, sukuma kwadi yako, ile pikipiki ya magurudumu manne, uondoke nayo: "Hii tunainyoosha tu, bosi, haina shida." Inasemwa kwa nia njema kabisa. Fundi anauonea huruma mfuko wako, ana nyundo, ana moto wa gesi, ana na vijana wa kushikilia. Muda si mrefu chuma kimenyooka, kimepuliziwa rangi nyeusi, umelipa kiasi kidogo na kila mtu kafurahi. Mimi napinga, na ningepinga hata kama fundi mwenyewe ni shemeji yangu.

Shafti ninayoisema ni ule mhimili wa chuma unaoshuka kutoka kwenye mkono wa kwadi hadi chini, katikati ya magurudumu ya mbele. Juu unashikwa na bushi ya vipande viwili, chini unakaa kwenye beringi na kufungwa nati, na karibu na ncha hiyo ya chini una sikio la kufungia tairodi mbili, zile fimbo zinazogeuza magurudumu. Ukikatika, mikono yako haina tena habari na matairi. Halafu kwadi nyingi hazina difu nyuma, yaani gia za kuyaruhusu matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, hasa zile za michezo. Matairi ya nyuma yanazunguka sawasawa, chombo kinataka kwenda mbele tu, na kila kona ni ubishi. Ubishi wote huo unapita kwenye shafti.

Kwa huku kaskazini ya Unguja, Kendwa na Nungwi, ambako watalii wanapanda kwadi kila siku, adui ni jiwe la matumbawe lililochomoza njiani. Gurudumu moja linaligonga, tairodi inasukuma sikio, shafti inapinda au inajisokota. Dalili yake ni kwamba unakwenda mbele moja kwa moja lakini mkono umekaa upande. Chumvi ya bahari nayo inamalizia beringi ya chini, pole pole.

Chuma kilichopinda kimeshachoka. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu unakivuruga ugumu, na ukikichomelea, ufa wa kesho utaanzia pembeni ya mshono, chini ya ile rangi nzuri. Isitoshe, matundu ya sikio yamewekwa pale kwa hesabu. Kwenye kona, gurudumu la ndani linatakiwa kukata zaidi kuliko la nje. Kanuni hiyo ni ya zamani za magari ya farasi. Rudolph Ackermann aliisajili London mwaka 1818 kwa niaba ya Mjerumani aliyeibuni, Georg Lankensperger. Nyundo ya gereji haiwezi kuirudisha kwa kukadiria kwa jicho.

Wanaonibishia wanasema basi nunua mpya, lakini kazi ya usukani haifanywi uani kwako. Kwa nini isifanywe? Haitaki mashine, inataka subira, na subira ndiyo bidhaa adimu gereji yenye foleni ya bodaboda. Pandisha mbele kwa jeki na magogo imara, vua plastiki, piga picha nyaya zote kwa simu kabla hujagusa chochote. Sehemu ya kutoa jasho ni tairodi, kwa sababu kibolti chake kina umbo la koni na kimejikaza ndani ya tundu. Usikipige kichwani, utaua nyuzi zake. Legeza nati uiache imeshika nyuzi chache, kisha ligonge sikio lenyewe ubavuni, kwa nguvu, mara moja moja. Kinaachia ghafla, na nati inakizuia kisidondoke.

Nenda dukani na shafti ya zamani mkononi. Picha ya mtandaoni haikuonyeshi kwamba matundu yamepishana milimita chache. Beringi, sili na bushi nunua mpya hapo hapo, maana kazi ya kuzifikia umeshaifanya. Kotapini, zile pini za kukunja zinazozuia nati isijifungue, nazo ziwe mpya. Ni kitu cha bei ya pipi, na bado watu wanazikunjua na kuzikunja tena mpaka zikatike mguu mmoja. Kukaza, fuata kipimo cha kitabu cha chombo chako, na torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiazima si aibu. Kisha pima umbali kati ya matairi ya mbele, kwa mbele na kwa nyuma yake, urekebishe tairodi kama kitabu kinavyosema.

Kabla ya kupanda, washa injini, kwadi ikiwa imesimama, gia huru, uzungushe mkono wote kulia, wote kushoto. Muungurumo ukipanda wenyewe upande mmoja, waya wa mafuta umepita pabaya na unavutwa. Hilo likikukuta kwenye kona, kwadi itaongeza mwendo bila ruhusa yako. Vua, uupitishe upya.

Shafti uliyoitoa usiiuze nzima kwa wa chuma chakavu. Ikate kwa msumeno vipande viwili kwanza, kwa sababu nzima itanyooshwa, ipigwe rangi, na kuuzwa kwa mwenye kwadi mwingine.