Askari ndani ya kunde: tuwaondoe au tuuachie moto?

Mbaazi za nazi kwa mahamri, staftahi ya Lamu na Malindi, ni mlo wenye akili kuliko tunavyoupa sifa. Mbaazi ina protini kiasi cha asilimia 20, yenye laisini tele na methionini haba; zote mbili ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Unga wa ngano uko kinyume, unachopungukiwa ni laisini. Vikiliwa pamoja, vinakamilishana.

Lakini mmea haukuweka protini hizo kwa ajili yetu. Nyingi ni akiba, hasa visilini na legumini, zilizopakiwa katika vile vipande viwili vya mbegu. Mvua ikishuka, vimeng'enya huzikatakata na kuupa mche naitrojeni ya kukulia kabla mizizi yake haijajimudu. Nyingine ni askari. Lektini hunata kwenye ukuta wa utumbo, na vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha utumbo kinachokata protini, humzuia mlaji asiyeyushe protini aliyokula. Katika maharagwe mekundu lektini ni nyingi mno: punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Kunde na mbaazi ni pole zaidi.

Basi kwa nini wazalishaji wa mbegu wasiwaondoe askari hao moja kwa moja? Hoja hii ina uzito. Makaa na gesi za kuwamaliza askari kwa kupika ni ghali, na maharagwe hula moto kweli kweli. Uzito wake ni mkubwa zaidi kwa mfugaji: kuku wakilishwa soya mbichi hudumaa na kongosho zao huvimba, hivyo soya lazima ikaangwe kwanza. Marekani tayari imepatikana soya isiyo na kizuizi kimoja kikuu cha tripsini. Kwa chakula cha mifugo, sioni la kupinga.

Kwa jikoni na ghalani nasita. Joto na unyevunyevu wa pwani ni karamu kwa fukusi. Anayeweka kunde za mbegu bila kuzifunga vizuri huzikuta zimebunguliwa tundu tupu. Mfano mzuri ni kunde aina ya TVu 2027, ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki huko Ibadan, Nigeria, iliyoonekana kuwastahimili fukusi. Kwanza sifa ilipewa vizuizi vya tripsini. Uchunguzi wa baadaye ukaelekeza kwenye visilini yake, ambayo hunasa kwenye utumbo wa buu. Yaani protini ileile inayolisha mche ndiyo inayomkomesha mdudu! Hapo kauli ya "toa sumu, bakiza chakula" inaanza kuyumba, kwa sababu mpaka wenyewe haupo.

Tena baadhi ya vizuizi hivyo vina sisteini kwa wingi, asidi amino yenye salfa, na salfa ndiyo pungufu kubwa la mikunde. Ukivifuta bila kuweka kingine, unaweza kupunguza kile kile ulichokuwa na uhaba nacho. (Hili wapigia debe wa mbegu mpya hulipita kimya kimya.)

Kuhamisha askari kutoka mmea hadi mmea nako si njia ya mkato. Australia walichukua kizuizi cha amilesi (kimeng'enya kinachoyeyusha wanga) cha maharagwe wakakitia kwenye njegere, na wadudu wakashindwa kabisa. Mradi ulisimamishwa mwaka 2005 baada ya panya waliolishwa njegere hizo kuonyesha mwitikio wa kinga ya mwili.

Moto, kwa upande wake, unaifanya kazi hii kwa bei nafuu kuliko maabara, mradi uwe moto wa kweli. Maharagwe yarowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi katika maji mapya. Wanaobana makaa kwa kupikia ndani ya kikapu kilichosheheni matambara hawajakosea, ila sufuria iingie humo baada ya mtokoto huo, si kabla. Joto la vuguvugu hulainisha punje, na lektini hubaki nzima.