Strokestown, 1847: nauli ya Quebec ilikuwa msaada au fukuzo?

Wanaomtetea Meja Denis Mahon, mwenye ardhi aliyewalipia wapangaji wake nauli ya kwenda Quebec, Kanada, wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, huanza na hesabu, na hesabu zenyewe hazipingiki kirahisi. Aliporithi shamba la Strokestown, Roscommon nchini Ayalandi, mwaka 1845, alikuta ekari zipatazo 11,000 zilizokatwakatwa vipande vidogo na malimbikizo ya kodi ya takriban pauni 13,000. Mtangulizi wake aliugua akili, mali ikakaa chini ya mahakama kwa miaka, kodi ikakosa mfuatiliaji. Mwaka huohuo bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha viazi, ikavamia mashamba, na wapangaji wengi hawakuwa na chakula kingine.

Kuna pia sheria ambayo hupitwa haraka mno. Tangu 1843, kodi ya kuwatunza maskini kwa kila kipande chenye thamani isiyozidi pauni 4 ilimwangukia mwenye ardhi. Vipande vilipokuwa vingi, naye alidaiwa zaidi, huku wapangaji hawana cha kumlipa. Msimamizi wake, John Ross Mahon, akapiga mahesabu: kumlipia mtu nauli mara moja ni nafuu kuliko kumlisha mwaka mzima katika nyumba ya maskini. Akapendekeza theluthi mbili ya wakazi waondoke.

Mei 1847 watu 1,490 walitembea hadi Dublin kwa kufuata Mfereji wa Royal, kilomita zipatazo 165, kisha wakavushwa hadi Liverpool. Hapa utetezi unaanza kuvuja. Quebec ilipendelewa kwa sababu nauli yake ilikuwa ndogo: meli zilizoleta mbao kutoka Kanada zilihitaji kitu cha kubeba zinaporudi, na Marekani ilikuwa imekaza sheria za meli za abiria. Watu waliokwisha dhoofu kwa njaa walibanwa chini ya sitaha, na tifasi, homa inayoenezwa na chawa, hustawi palipo na msongamano. Meli mojawapo, Virginius, ilibeba abiria 476. Walikufa 158 kabla ya kufika karantini ya Grosse Île, kisiwa kilicho karibu na Quebec.

Na hiari? Aliyekataa nauli alikabiliwa na kufukuzwa. Nani atasema huyo alichagua? Mahon aliuawa kwa risasi tarehe 2 Novemba 1847 akitoka kwenye mkutano wa kuhudumia maskini (kejeli isiyohitaji kutiwa chumvi), na mwaka uliofuata Browne, askofu Mkatoliki wa eneo hilo, alichapisha orodha ya zaidi ya watu 3,000 waliotimuliwa katika shamba hilo.

Kwa maoni yangu, sheria ile inaeleza vizuri kwa nini Mahon alitaka watu wapungue. Haielezi kwa nini walisafirishwa kwa bei ya chini kabisa. Wala hakuweza kudai hakuarifiwa. Mfanyabiashara wa magari aliyeinunua nyumba ya akina Mahon mwaka 1979 alikuta humo maelfu ya hati, ambazo ndizo zilizozaa jumba la makumbusho ya njaa lililofunguliwa 1994. Nyingi ni za ofisi ya shamba, lakini mojawapo ni ombi la wapangaji wa Cloonahee, sehemu ya shamba hilo, la mwaka 1846: viazi vimeoza, nafaka hatuna, na amani itavurugika msaada usipoongezwa upesi.